Maswali ya Wasomaji: Kila doa lina baba yake

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu, kipande cha ukuta wa fremu iliyofungwa huku kwetu Pasua, Moshi, bluu chini krimu juu, rangi imebanduka, bomba limevujia ukutani, na chini kuna kizibo cha soda kimekanyagwa. Watu wakatuma meseji wanauliza kwanini gazeti linapoteza ukurasa mzima kwa ukuta mchafu. Jamani ule sio ukuta wa kweli, una upana wa sentimita 30 na nimeutengeneza mezani kwangu, na hicho kizibo ni kidogo kuliko punje ya choroko. Baada ya kusema hivyo ndo maswali yakaanza kumiminika, mengine ya maana mengine ya kunichokoza, najibu niliyoweza.

Mambo fundi. Mi chalii wa Ngarenaro, Arusha. Nimetengeneza ukuta wa bloku kwa boksi, nikamwagia mchanga wa kweli na simenti ya kweli, nimepaka rangi safi kabisa, ila kila anayeuona anasema ni keki. Sasa kipi tena cha kweli kuliko mchanga wa kweli?

Poa chalii yangu. Tatizo ndo hilohilo, umetumia vitu vya kweli.

Tuanze na skeli, yaani umekipunguza kitu mara ngapi kutoka ukubwa wake wa kweli. Mi natumia moja kwa kumi na mbili, na sababu sio ya kitaalamu sana, ni kwamba mafundi wetu wote wanapima kwa futi na inchi, na kwa skeli hiyo futi moja inakuwa inchi moja basi, huhitaji kalkuleta. Tofali la bloku la inchi sita lina urefu inchi 18 na kimo inchi 9, we kwako linakuwa inchi moja na nusu kwa robo tatu. Ukuta wa futi kumi unakuwa inchi kumi. Umeelewa eeh. Sasa chukua ile punje ya mchanga uliomwagia, ina kama milimita moja, izidishe mara 12 uone huyo mtu mdogo anayeishi kwenye dayorama yako, yaani hako kamtaa kadogo ulikotengeneza, anaona nini: anaona jiwe la milimita 12, yaani kokoto ya zege. Umempiga lipu ya kokoto! Ndo maana watu wanaona keki iliyonyunyiziwa nazi, jicho limeshajua hakuna ukuta duniani uliopigwa lipu hivyo hata kama mwenye jicho hawezi kukueleza kosa liko wapi.

Dawa yake ni soksi. Soksi za kike zile za nailoni, nyepesi, unatia mchanga mkavu unautikisa juu ya sinia, kinachotoka ni vumbi tupu, hilo vumbi ndo mchanga wako. Kwa lipu iliyonyooka hata mchanga usitumie kabisa, pakaza jipsamu nyepesi kama uji wa mtoto, ikianza kukaza piga piga na sponji kavu, utapata ule ukwaru wa fundi wa mtaani asiyekuwa na haraka. Ukitaka sakafu ya niru usipige sponji, sugua na mgongo wa kijiko ikiwa bado na unyevu mpaka ing'ae kidogo.

Kosa la pili ni hiyo unaita rangi safi. Rangi ya kopo ukiipaka kwenye kitu kidogo inapiga kelele, mi sijui niseme vipi, inakuwa kama mdoli. Fikiria ukiwa unauangalia ukuta wa kweli wa kimo kile unakuwa umesimama mbali, kuna hewa na vumbi katikati, rangi inafika machoni imeshapoa. Kwahiyo kila rangi ichanganye na kijivu au nyeupe kidogo kabla hujapaka, na mng'ao uue kabisa, hakuna kitu kinaumbua kazi ndogo kama mng'ao. La tatu kingo. Kingo zako ni kali kama za boksi kwasababu ni boksi, wakati kona ya ukuta wa Ngarenaro imegongwa na mikokoteni na ndoo na pikipiki, imekatika, tofali linachungulia. Chukua msasa.

Halafu rudia kuniandikia, keki ya mara ya pili huwa inakuwa mkate angalau.

Habari fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Rau. Nataka kuwafundisha wanafunzi wangu wa darasa la sita kutengeneza ule ukuta wa rangi iliyobanduka. Unabandua na nini, wembe?

Salama mwalimu, na shikamoo kama umenizidi. Wembe haubandui, wembe unakwaruza, na mkwaruzo ni mstari ulionyooka ambao ukuta hauna. Tunatumia chumvi.

Lakini kabla ya chumvi naomba uwatoe nje hao watoto kipindi kizima wakasimame mbele ya ukuta wowote wa zamani, daftari mkononi, wasiguse rangi yoyote kwanza. Hili mi ndo naliona kubwa kuliko mbinu zote, mbinu unaweza kumuuliza mtu yeyote. Kila doa lina baba yake. Doa lisilo na baba watu wanalijua tu. Waulize, kwanini chini ya ukuta kuna mkanda mwekundu mpaka usawa wa magoti? Watasema uchafu. Hapana, nyumba haina gata, mvua inadondoka kutoka kwenye bati inapiga udongo, udongo wetu huu mwekundu unarukia ukutani, kila masika miaka ishirini. Kwahiyo mkanda ule unakuwa mzito chini unafifia juu, na pale penye karo au jiwe la kukanyagia mbele ya ukuta mkanda unashuka kwasababu maji yanaporukia jiwe hayabebi udongo. Unaona? Mtoto akishajua hilo hawezi kupaka mkanda ulionyooka kama rula.

Kwanini chini ya dirisha kuna michirizi ya kahawia? Nondo za dirisha zinalia. Michirizi inaanzia kila nondo inapoingia ukutani, sio katikati ya nondo na nondo. Kwanini pembeni ya mlango pana weusi wa mafuta usawa wa kiuno na mwingine chini zaidi? Mikono ya wakubwa na mikono ya watoto. Na kama hapo mbele kuna benchi la kijiwe utaona mistari ya mviringo ukutani imekolea mafuta, hayo ni mabega na visogo vya watu waliokaa hapo kubishana Simba na Yanga tangu ukuta ujengwe.

Halafu rangi yenyewe. Nyumba nyingi za huku kwetu, sehemu ya chini ya ukuta wamepaka rangi ya mafuta ili iweze kuoshwa, juu rangi ya maji. Hizi mbili zinakufa vifo tofauti kabisa. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya tofali, yakifika kwenye rangi ya mafuta hayana pa kutokea, rangi inaota malengelenge kisha inatoka kama ganda la kitunguu, vipande vikubwa vyenye kingo zilizojikunja, na nyuma yake unakuta unga mweupe, ukuta unatoa chumvi. Ile ya maji huko juu haibanduki hivyo, jua linaipausha mpaka ukiegemea shati linakuwa jeupe. Kwahiyo usibandue ukuta mzima sawasawa, utakuwa umeongopa.

Haya chumvi sasa. Ukuta wenu mdogo ukishakauka upake rangi ya lipu, kijivu chafu, halafu rangi ya kwanza ya zamani, tuseme krimu, acha ikauke vizuri kabisa hata usiku mzima. Chovya brashi kwenye maji lowanisha pale tu mnapotaka pabanduke, yaani chini, na chini ya bomba, na kwenye nyufa, nyunyiza chumvi ya kawaida, ile ya mawe iliyopondwa nusunusu ni nzuri zaidi kwasababu punje hazilingani, acha ikauke ishike. Halafu ndo mnapaka ile bluu juu ya krimu, lakini msiburuze brashi itaondoka na chumvi, gonga gonga na kipande cha sponji. Ikikauka chukua mswaki wa zamani umelowa maji suguwa taratibu, chumvi inayeyuka inaanguka na rangi iliyokuwa juu yake, inabaki krimu inachungulia na kingo zimechongoka zenyewe wala hakuna mkono wa mtu pale. Watoto wanapiga kelele hapo, mi mwenyewe napiga.

Ukitaka nyufa nyembamba za jua paka gundi nyeupe ya mbao, ikiwa bado inanata juu yake paka rangi ya maji nzito, rangi inakauka haraka gundi bado inajivuta, inapasuka yenyewe. Fanyeni kwenye kipande cha majaribio kwanza, na weka kivulini, ikipigwa na jua kali ghafla inapasuka vibaya kama tope la bwawa.

Naona mabati yako yana kutu ya ukweli. Ni bati gani hilo? Mimi wa Majengo, Moshi.

Kopo la energi. Na mengi ya makopo hayo ni alumini, sumaku haishiki, kwahiyo hayawezi kupata kutu hata uyaweke mvuani mpaka wajukuu wazeeke, kutu yote unayoiona nimeiongezea.

Likate kwa mkasi, angalia vidole, kingo zake ni wembe. Lisugue msasa maandishi yatoke. Bati la kawaida la migongo midogo lina inchi tatu kutoka mgongo mpaka mgongo, kwetu ni robo inchi, milimita sita na kidogo. Chukua vijiti vya mishikaki vile vya milimita tatu, vibandike kwenye ubao vimelala sambamba, kati ya kijiti na kijiti acha nafasi ya kijiti kimoja. Laza kopo juu, chukua kijiti kingine kandamiza kwenye nafasi ya kwanza, halafu ya pili, moja moja kutoka upande mmoja, ukianza katikati litachanika. Ukimaliza una bati. Bati la geji 28 lina karibu milimita 0.4, ligawe kwa 12 uone, kopo lina kama 0.1, yaani bado ni nene mara tatu kuliko inavyotakiwa, ila kingo ukizisugua na msasa zikawa nyembamba jicho linasamehe.

Kutu: stilwaya la kusugulia sufuria, libane ndani ya kikopo cha siki siku mbili tatu, kifuniko usikaze, linatoa gesi. Hayo maji paka kwenye bati, yakikauka yanageuka kahawia. Ukitaka kutu ya magamba kwangua nondo kuukuu, chuja kwenye ile soksi yetu, nyunyizia juu ya rangi ambayo haijakauka.

Ila weka wapi? Hapa ndo wengi wanaharibu, wanapaka kutu kila mahali kama wanapaka siagi. Bati limepakwa zinki, zinki ndo inayojitoa mhanga kwanza, kwahiyo kutu inaanza pale zinki ilipokatwa au kuisha: kingo lilipokatwa, matundu ya misumari, na pale bati mbili zinapopandana maji yanabaki katikati hayakauki. Kisha inashuka na bonde, haipandi mgongo. Na misumari ya paa inapigwa mgongoni ili maji yasiingie, nimeona kazi nzuri kabisa ya kijana mmoja misumari yote iko bondeni, nikamwambia mdogo wangu nyumba yako inavuja.

Mzee mwenzangu, nina miaka 51, niko Tengeru. Nimeanza hii kazi baada ya kuona ile picha na sasa mke wangu anawaambia majirani nimechanganyikiwa kwasababu juzi nilikaa nusu saa nachora mfuniko wa chemba. Nimjibu nini?

Shikamoo mzee wangu, mi bado sijafika huko.

Mwambie hujaanza wewe. Kuna familia ya Uingereza inaitwa Boyle Family, baba alikuwa Mskoti Mark Boyle na mama Joan Hills na watoto wao wawili, mwaka 1968 walitundika ramani ya dunia ukutani wakawafunga watu macho wakawapa mishale midogo warushe, popote mshale unapopiga ndo pa kwenda, sehemu elfu moja. Wakawa wanakwenda huko wanachagua kipande cha ardhi bila kuchagua, yaani wanarusha tena kitu kinapodondoka ndo hapohapo, iwe matope, iwe lami, iwe ukingo wa barabara na majani makavu, wanakinakili kwa resini na faibaglasi, jiwe kwa jiwe, ukubwa wake halisi sio wa kupunguza kama sisi, halafu wanakitundika ukutani kama picha. Mwaka 1978 wakapelekwa Venice kuiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho makubwa kabisa ya sanaa. Kwa ajili ya kipande cha njia.

Kama hiyo haitoshi mtengenezee mlango wa jiko lake, na masizi yake, na kile kitambaa anachofutia mikono kikiwa kimetundikwa kwenye msumari. Wangu alinyamaza siku hiyohiyo.

Fundi kwanini tuhangaike na chumvi na siki wakati ukuta wa kweli upo? Nikibandua rangi ya kweli nikaibandika? Na kuna paa la zamani la bibi huku Kiboriloni limeng'olewa, vile vipande vya kijivu sio vya bati, nimeona nikivisaga napata unga mzuri wa simenti.

Acha. Usisage hicho kitu, na kama umeshasaga sehemu usifagie, mwagia maji kwanza usipumue hilo vumbi na usiwaite watoto kusaidia.

Paa la zamani la kijivu lenye mawimbi lisilo bati kuna uwezekano mkubwa ni asbesto. Likiwa zima limetulia halina shida sana, shida ni ukilivunja na kulisaga, nyuzi zake ni ndogo hazionekani, zinaingia kwenye mapafu hazitoki, na ugonjwa wake ikiwemo saratani unakuja baada ya miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, wakati umeshasahau kama uliwahi kusaga chochote. Waulize watu wa mazingira wa halmashauri namna ya kuliondoa. Na rangi za mafuta za zamani ni hivyohivyo, nyingi zilitiwa risasi, madini hayo, ukizikwangua kavu unavuta risasi na mtoto anayetambaa chini anairamba. Jipsamu nayo ukiikoroga funga kitambaa puani, haiui ila sio unga wa kuvuta.

Na hata bila hatari, haifanyi kazi. Ganda la rangi ya kweli ni nene kama kadi, kwenye skeli yetu linakuwa nene kama ubao. Rudi kule kwa chalii wa Ngarenaro usome tena, ni kosa lilelile.

Nataka kutengeneza kipande cha reli cha pale stesheni ya Moshi, reli tu na kokoto na majani, hakuna treni. Upana kiasi gani na rangi ipi?

Hili swali limenifurahisha, watu wote wanataka treni na huyu hataki.

Reli yetu hii ya kaskazini ni ya mita moja, milimita 1000 kamili kati ya chuma na chuma, kwahiyo kwa moja kwa kumi na mbili ni milimita 83, kubwa sana kwa meza ya nyumbani, we nenda nusu yake, moja kwa ishirini na nne, inakuwa milimita 42 kasoro. Kokoto za reli za sentimita nne tano zinakuwa milimita mbili, hapo sasa ndo mchanga wa kweli unaruhusiwa, chekecha ule mkubwa. Majani tumia nyuzi za katani, ikate fupifupi na uipake kahawia zaidi ya kijani.

Rangi ya chuma ndo yenye mtihani. Ubavuni siku zote ni kutu na vumbi la breki, kahawia iliyokolea. Juu, pale gurudumu linapopita, ni suala la mwaka gani. Reli inayopitiwa inang'aa kama kioo, ikikaa bila treni juu nako kunakuwa kahawia na majani yanafunga. Hii njia ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, halafu kile kipande cha Moshi kwenda Arusha kikalala miaka mingi sana, watu walikuwa wanapitisha mbuzi, treni ya abiria imerudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha 2020. Kwahiyo kabla hujachovya brashi amua ni lini. Kama ni kipindi cha kulala juu weka kutu na majani katikati yawe marefu yaliyolala upande mmoja. Kama ni sasa, sugua juu kwa penseli laini, ile ya kuchorea, halafu kidole, inang'aa chuma kabisa. Na katikati ya reli pale treni inaposimama weka weusi wa mafuta, kidogo, matone matone, sio kumwaga.

Panya wamekula ukuta wangu. Nifanyeje?

Ulitumia gundi ya unga wa ngano. Pole sana, nilipitia. Ukuta wangu wa kwanza kabisa, mlango wa genge na miezi miwili ya kazi, niliuacha juu ya kabati, asubuhi nikakuta nusu, na cha ajabu kile kipande kilichotafunwa ndo kilikuwa kinaonekana cha ukweli kuliko chote nilichowahi kutengeneza, nilikitazama kwa muda kabla sijaanza kulaani. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Kama huna hela ya gundi, unga chemsha na karafuu kadhaa, haiozi haraka wala haitoi ukungu, ila panya wa Moshi anakula pilau pia kwahiyo ufungie ndani ya kioo.

Hizi unauza wapi na bei gani? Watalii wananunua?

Mtalii anayeshuka Arusha anatafuta twiga na Mmasai, sio ukuta wa fremu, nimejaribu karibu na Mnara wa Saa nikarudi na kuta zangu zote nne na jua la kutosha. Wanaonunua ni watu wa hapahapa waliohama. Dada mmoja yuko nje ya nchi alinitumia picha ya mlango wa nyumba yao ya zamani iliyobomolewa kupisha barabara, ule ukuta ulikuwa umewekwa X nyekundu, akaniambia fanya na hiyo X usiiache. Bei nilimtajia kwa aibu akaongeza yeye. Kwahiyo kama unataka biashara usitembeze, waulize watu nyumba gani wanaikumbuka. Na chukua nusu ya hela kabla.

Mwisho fundi, maandishi. Nataka ukuta wenye NYUMBA HII HAIUZWI. Nimeandika kwa peni ya maka inaonekana kama nembo ya kampuni. Msomaji wa Sombetini.

Hapa umefika kwangu kabisa maana kazi yangu ya mchana ni kuandika vibao, na hayo maneno nimeyaandika kwenye kuta za kweli mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, mara nyingine ndugu wawili wamesimama nyuma yangu wanagombana, mmoja anasema andika mwingine anasema futa.

Peni ya maka tupa. Brashi namba sifuri, au nyoa brashi yoyote ibaki nywele nne tano, rangi nyekundu iliyochanganywa na kahawia kidogo maana nyekundu ya ukutani haikai nyekundu. Herufi za kweli zina kimo cha inchi nane mpaka kumi, kwako inakuwa chini ya inchi moja kidogo. Usipige mistari ya penseli, mwandishi wa ukutani halipwi kwa kupiga mistari. Brashi ikitoka kuchovywa herufi ya kwanza inakuwa nzito na inachuruzika mguuni, ya pili kawaida, ya tatu imekauka unaona lipu ndani yake, anachovya tena. Kwahiyo N nzito, Y na U zinafifia, M nzito tena. Neno NYUMBA linakuwa kubwa kwasababu bado ana nafasi na moyo, HII linapungua, halafu anakumbuka ukuta una mwisho. HAI zimebanana, U na Z zimelaliana, W nyembamba kama imepita kwenye tundu la ufunguo, na ile I ya mwisho haijapata nafasi kabisa, imeandikwa kwenye kona upande wa pili, karibu na bomba.